Pikipiki ya Mtumba: Kabla Hujamnunulia, Muulize Atakayeipanda

  

Leo naomba nitoke kidogo kwenye mada zetu za wivu, simu na mawifi. Nataka kuongelea pikipiki. Najua kuna dada hapo kashataka kugeuza ukurasa. Rudi dada yangu, hii inakuhusu wewe kuliko hata kaka zako. Pikipiki ndiyo iliyoleta ubaridi ndani ya nyumba yangu kwa karibu miezi mitatu, na chanzo alikuwa nani? Mimi mwenyewe, na ujuaji wangu.

Nimeamua kuyasema baada ya kijana mmoja wa Katoro kuniandikia kwamba anataka kumnunulia mchumba wake pikipiki ya mtumba, ile ya kupitia njia za porini, na anataka iwe "sapraizi". Mdogo wangu, shika hapo hapo. Soma kwanza yaliyonikuta.

ILIVYOKUWA

Shemeji yenu ni muuguzi. Alihamishiwa zahanati moja ya kijijini huku kwetu mkoani Geita, upande wa Nyang'hwale, ndani ndani kabisa. Kazi yake si ya kukaa zahanati tu. Kuna siku anabeba kibebeo cha chanjo, kile kiboksi chenye barafu, anakwenda vitongojini kwa akina mama wanaokaa mbali. Njia yenyewe ni ya ng'ombe na baiskeli. Mara inapita kwenye majaruba ya mpunga, mara kwenye mchanga wa luseni, mara katikati ya maduara ya wachimbaji wadogo, mengine yameachwa wazi bila hata tawi la kukuonya. Bodaboda wa kumpeleka walikuwepo, lakini mvua ikinyesha wanazima simu.

Basi bwana, nikajifanya mume bora. Bila kumwambia, nikachomoa milioni mbili na laki sita kwenye akiba yetu ya kupaulia nyumba, nikapanda basi hadi Shinyanga mjini. Nikakutana na jamaa mwenye pikipiki ya Kijapani, cc 250, injini ya mapigo manne, ndefu kama twiga, tangi jekundu linawaka. Nilipofika aliipiga kiki mara moja tu, ikanguruma. Moyo ukanguruma nayo. Sikuuliza kitu. Siku ya kuzaliwa ya shemeji yenu nikaifunga utepe, nikaisimamisha uwanjani. Vijana wa kijiweni wakaja kuishangaa. "Kaka, hapa umeua!"

Yeye alifurahi, au niseme alionyesha kufurahi. Alipopanda, ni ncha za vidole tu zilizogusa ardhi. Nikamwambia, "Utazoea tu." Ndugu yangu, hilo neno "utazoea tu" limeharibu ndoa nyingi kuliko nyumba ndogo.

Hiyo ilikuwa Februari. Machi mvua zikawa zimekolea. Kama unaujua udongo wa mbuga wa Usukumani, ule mweusi, huna haja ya kuhadithiwa: kiangazi unapasuka nyufa, ukilowa unanata kama ugali usioiva. Akiwa na kibebeo chake mgongoni, gurudumu la mbele likateleza. Akashusha mguu, mguu haukufika chini. Pikipiki ikamlalia. Ekzosi ikamuunguza muundi wa mguu wa kulia, na yeye hana nguvu ya kuinyanyua. Alikaa pale hadi wachunga ng'ombe walipopita wakamtoa. Injini ikagoma kuwaka. Akina mama waliokuwa wamekaa chini ya mwembe na watoto wao wachanga mgongoni, wengine wametembea toka alfajiri, walirudi nyumbani bila chanjo.

Na mimi hakuniambia. Siku nne nzima alivaa kitenge kirefu ndani ya nyumba. Nilikuja kuuona mguu akiwa amelala, lile jeraha limetunga usaha. Nikamwamsha, "Mama watoto, kwa nini hukuniambia?" Akanijibu taratibu, hata sauti hakupandisha: "Ningekwambiaje, baba? Ulikuwa umefurahi sana na pikipiki yako."

Pikipiki yako! Na kweli, msomaji wangu, ile ilikuwa yangu. Nilinunua macho ya watu wa kijiweni, nikambebesha yeye.

Tuliiuza, tukapata hasara ya laki saba, maana mnunuzi alikuja na fundi na fundi akayaona yote ambayo mimi sikuyatazama. Safari ya pili tulikwenda wote wawili. Tulipita kwanza Kahama kwa fundi mmoja mzee aliyestaafu, ambaye ametengeneza pikipiki za mabwana shamba na mapadri tangu enzi hizo. Tukamsalimu, "Mwangaluka, baba." Akaitikia, akatutazama wote, halafu akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza: "Nani ataipanda, na atapita wapi?" Yafuatayo ndiyo tuliyofundishwa. Yakate uyaweke.

KWA NINI MAPIGO MANNE?

Zamani pikipiki nyingi za porini zilikuwa zile za kuchanganya oili na petroli, mapigo mawili. Yamaha DT 125 na AG 100 ni za ukoo huo, na zimefanya kazi kubwa sana vijijini kwetu. Ni nyepesi na zina kasi ya kuchomoka. Shida yake, oili ikiisha porini au ukakosea kuchanganya, pistoni inakwama na safari imeishia hapo. Huku petroli inauzwa kwenye chupa za maji barabarani, hutaki tena kuanza kuhangaikia na oili ya kuchanganya.

Ya mapigo manne oili yake inakaa chini ya injini, petroli inakwenda peke yake. Inakula mafuta kidogo, na inavuta vizuri hata ikizunguka polepole, ndicho unachokihitaji kwenye tope na mchanga. Na usidhani ni injini ya wazee. Mbio za kwanza za Paris–Dakar zilipomalizika Januari 1979, pikipiki iliyoshinda kule jangwani ilikuwa Yamaha XT500 ya Mfaransa Cyril Neveu, silinda moja, mapigo manne. Honda nao walishaanza ukoo wao wa XL, na XL250 yao ilitoka mwaka 1972. Zile XL 125 ambazo huku tunaziona kwa watu wa miradi ni wajukuu wa humo humo.

Ila uwe macho. Boxer na TVS za bodaboda nazo ni mapigo manne, ni imara, na spea zake zipo kila kona. Lakini zimetengenezwa kwa barabara. Madigadi yake ya mbele imekaa karibu na tairi, na udongo wa mbuga ukijaa pale katikati gurudumu haliendi tena. Ya porini madigadi yake imepanda juu, tumbo lake liko mbali na mawe, na gurudumu la mbele ni kubwa ili lipande mashimo badala ya kuzama.

PIMA MWILI KABLA YA KUPIMA INJINI

Hili ndilo lililonishinda mimi. Mwambie atakayeipanda akae juu yake akiwa amevaa viatu atakavyotumia. Miguu yote miwili ifike chini, angalau sehemu ya mbele ya nyayo, si ncha za vidole. Ile yangu siti yake ilikuwa sentimita 88 kutoka ardhini. Mfano mzuri wa iliyofikiriwa ni Yamaha Serow ya cc 225, siti yake ni kama sentimita 81, na hata jina lake wamelitoa kwa mnyama wa milimani anayefanana na mbuzi. Pikipiki ikizidi kimo kidogo tu, fundi wa makochi anaweza kupunguza sponji ya siti. Ikizidi sana, achana nayo.

Pili, uzito. Shemeji yenu alimwomba muuzaji ruhusa, akailaza taratibu kwenye mchanga, halafu akainyanyua peke yake. Muuzaji alikunja uso. Mwache akunje. Porini hakutakuwa na muuzaji.

Na ukubwa wa injini? Kwa mtu mmoja na mzigo mdogo, cc 125 hadi 200 zinatosha kabisa. Cc 250 ni tamu kwa mwenye kimo, misuli na safari ndefu. Kubwa si sawa na bora, hilo nadhani mnalijua kwenye mambo mengine pia.

IKUTE IMELALA

Mpigie muuzaji mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kitu cha kwanza gusa injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, mtu kaiamsha kabla yako ili isikuonyeshe tabia zake za asubuhi. Mimi yangu ilikuwa ya moto, nikadhani ni jua la Shinyanga!

Kanyaga kiki polepole kwa mguu. Inatakiwa ikugomee, ikusukume kidogo. Ikishuka tu kama unakanyaga godoro, mgandamizo umekwisha. Ikiwaka, tazama moshi. Mwingi wa rangi ya bluu ni oili inaungua ndani, ringi zimechoka au sili za valvu zimekufa. Kwenye ya mapigo mawili moshi wa namna hiyo ni kawaida, kwenye ya mapigo manne ni ugonjwa. Mweusi ni petroli inazidi, hiyo pengine ni kabureta tu.

Chomoa kijiti cha oili, paka tone kwenye kidole, kisogeze juani. Nyeusi peke yake isikutishe, haijabadilishwa tu. Ya rangi ya maziwa imeingia maji. Na ukiona vichembe vinang'aa, usishangilie kwamba umepata dhahabu ya Geita. Hicho ni chuma cha injini kinajisaga. Kimbia.

VUMBI LETU SI LA KAWAIDA

Hapa fundi alikaa sana, na mimi nakaa kidogo. Kanda yetu ina vumbi la changarawe, na kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kuna vumbi la jiwe jeupe ambalo ni gumu kuliko chuma. Pikipiki iliyoishi maeneo ya Rwamgasa au Nyarugusu imelivuta kila siku. Kama mwenyewe alikuwa mvivu wa kusafisha filta ya hewa, lile vumbi limepita hadi kwenye silinda, na humo linafanya kazi ya msasa.

Kwa hiyo fungua kifuniko cha pembeni utoe filta. Ya sponji inatakiwa iwe nzima na iwe na unyevu wa oili. Ikiwa kavu, imechanika, au haipo kabisa (wapo wanaoitoa eti ipate nguvu), usiendelee na bei. Kisha ingiza kidole kwenye mpira unaokwenda kwenye kabureta, upande wa baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, injini hiyo imekula mchanga, hata kama tangi linang'aa kama kioo.

MIFUPA YA PIKIPIKI

Rangi mpya ni kama poda, inafunika. Pitisha macho kwenye fremu pale inaposhika usukani, kwenye vikanyagio na chini ya siti. Tafuta nyufa na alama za kuchomelea. Ikiwa imepakwa rangi sehemu moja tu, uliza kwa nini pale. Simama nyuma yake uangalie kama magurudumu yote mawili yako kwenye mstari mmoja.

Nyanyua gurudumu la mbele lielee, shika shokapu kwa chini, vuta na sukuma. Ukisikia inagonga, bearingi za usukani zimelegea. Gurudumu la nyuma lisukume kulia na kushoto, likicheza, bushi zimeisha. Nguzo za shokapu zikiwa na oili, sili zimepasuka. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo, zote zitoe mlio unaokaribiana. Inayotoa sauti ya kufa imelegea. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi, ikiachana na meno hadi unaona nafasi, au meno yamechongoka na kulala upande, hesabu cheni na sproketi zake kwenye bei.

Mwisho ipande. Tafuta kilima. Injini ikipiga kelele lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Gia ikiruka yenyewe, ndani kumeharibika, na kufungua injini ni gharama. Jaribu breki zote mbili, na usisahau taa. Njia yenye maduara si ya kupita gizani na taa ya kibatari.

KARATASI NAZO

Omba kadi halisi, siyo fotokopi. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba zilizosuguliwa au kupigwa upya ni kesi, siyo pikipiki. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au akuonyeshe mkataba aliouziwa yeye. Siku hizi watu wanaweka kadi rehani kwenye mikopo, ukiambiwa "kadi iko mahali, nitakuletea wiki ijayo", na wewe hela yako mpelekee wiki ijayo. Angalia pia kama namba hiyo ina deni la faini za trafiki. Andikeni mkataba mbele ya mwanasheria au viongozi wa mtaa, pamoja na mashahidi, kisha kabadilisheni umiliki TRA mapema. Ikipata matatizo ikiwa bado kwenye jina la mwingine, mtasumbuana.

Zile zinazotoka kwenye miradi na ofisi mara nyingi zinauzwa kwa mnada. Nyingine zilitunzwa vizuri na daftari la matengenezo lipo. Nyingine zimepandwa na madereva kumi na kila mmoja alijua si yake. Usinunue historia ya kusikia, fungua filta na uchomoe kijiti cha oili kama kwa nyingine yoyote.

Na kabla hujatoa hela, pita maduka ya spea ya Kahama, Katoro au Geita mjini, uliza bei ya vitu vinne: ringi, kebo ya klachi, bushi za nyuma na filta. Ukiambiwa "hiyo mpaka Dar" kwa vyote vinne, pikipiki hiyo itakuwa pambo la sebuleni.

Usitumie hela yote kwenye pikipiki. Sisi tulibakiza ya helmeti nzuri, buti ndefu za ngozi, matairi mapya ya meno na oili. Shemeji yenu alisema kama angekuwa na buti siku ile, asingekuwa na kovu. Na leseni ya pikipiki awe nayo, hata kama njia zake hazina trafiki.

YA KWAKE

Tuliyoipata ni Honda XL 125, kuukuu, ilitoka mradi fulani uliokwisha. Tangi lina kibonyeo, siti imeshonwa mara mbili. Wa kijiweni waliiangalia wakaniuliza, "Kaka, umefulia?" Lakini iliwaka ikiwa ya baridi, oili ilikuwa safi, kidole kilitoka bila vumbi, na mama watoto alipoikalia miguu yake yote miwili ilitua chini. Akanitazama, akacheka. Hicho kicheko sikukiona siku ile ya utepe.

Imemaliza msimu mzima wa mvua. Ameanguka mara mbili, na mara zote mbili ameinyanyua mwenyewe, na jioni amenisimulia. Kwangu mimi hilo la kusimulia ndilo kubwa. Mwenzako akianza kukuficha maumivu yake ili asikuharibie furaha yako, ujue zawadi yako imeshageuka mzigo.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Katoro, sapraizi nunua khanga, au mpeleke mkale samaki. Pikipiki nendeni wote, aikalie, ailaze, ainyanyue, aikatae kama hakuipenda. Hutapungua uanaume hata kidogo.

Jumapili iliyopita tulikwenda Nkome, ufukweni mwa ziwa, kwa njia za ndani ndani. Yeye ndiye aliyeendesha, maana njia anaijua kuliko mimi. Mimi nilikaa nyuma na helmeti yangu, nimeshika kapu la sangara. Tulipopita kijiweni vijana walipiga miluzi. Nikawapungia mkono.

Kwa leo niishie hapa. Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa, na uendeshe salama.